Mtumiaji kama Msanifu Mwenza: Chombo na Neno katika Mpaka wa Busia na Malaba

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja, nalo ni kwamba katika kutengeneza chombo, kama ilivyo katika kuunda neno, mtumiaji hana budi kuhesabiwa miongoni mwa watungaji. Si mpokeaji tu wa kitu kilichokwisha kukamilika. Mifano yetu mikuu itatoka Busia na Malaba, miji miwili ya upande wa Kenya iliyo katika mpaka wa Uganda. Tumeichagua kwa sababu hapo chombo kimoja maarufu kilipata umbo lake na jina lake kwa pamoja, mikononi na midomoni mwa watu wale wale.

Huenda msomaji akauliza kuna uhusiano gani kati ya jarida la lugha na usanifu wa vyombo. Jibu letu ni kwamba istilahi nayo ni chombo. Husanifiwa na watu wachache ili itumiwe na watu wengi, na hukubaliwa au hukataliwa kwa sababu zinazofanana sana na zile zinazofanya jembe fulani lipendwe na jingine liachwe ghalani. Wataalamu wa lugha tumezoea kujadili sheria za kuunda maneno: unyambuaji, uambatishaji, ukopaji na utohozi. Ni mara chache tumejadili ni nani anayepaswa kuwapo maneno hayo yanapoundwa. Swali hilo ndilo la makala haya.

2. Dhana ya Usanifu Shirikishi

Kwa kawaida usanifu huelezwa kama safari ya upande mmoja. Msanifu huona haja, huchora, hutengeneza, kisha humkabidhi mtumiaji. Mtumiaji akishindwa kukitumia chombo, husemwa kwamba hakuelewa maelekezo. Mtazamo huu ulianza kutiwa shaka kwa nguvu katika miaka ya 1970. Huko Norwei, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali, ili wafanyakazi wenyewe wapate ujuzi na sauti juu ya mitambo iliyokuwa ikiingizwa viwandani mwao. Kati ya mwaka 1981 na 1985, katika mradi ulioitwa UTOPIA, wataalamu wa Uswidi na Denmark walishirikiana na vyama vya wafanyakazi wa uchapishaji kubuni vyombo vya kompyuta vya kupangia kurasa za magazeti. Kwa kuwa mitambo yenyewe ilikuwa bado haijapatikana, walitumia maboksi ya karatasi ngumu na mbao kuiga mashine. Mpanga chapa alisimama mbele ya boksi, akafanya kazi yake kama kwamba ni mashine kweli, na mikono yake ikawaonyesha wasanifu mambo ambayo mdomo wake usingeweza kuyasema kikaoni.

Katika miaka hiyo hiyo mtaalamu wa Marekani, Eric von Hippel, alichunguza vyombo vya kisayansi, na mwaka 1976 akatoa matokeo yaliyowashangaza wengi: sehemu kubwa ya maendeleo muhimu katika vyombo hivyo ilianzishwa na wanasayansi waliovitumia, wala si na viwanda vilivyoviuza. Kiwanda kilikuja baadaye kurekebisha na kuzidisha kile ambacho mtumiaji alikwisha kukijaribu.

Yafaa basi kutofautisha namna tatu za ushiriki. Namna ya kwanza ni mtumiaji kuitwa tangu mwanzo, kama walivyofanya watu wa Skandinavia. Namna ya pili ni mtumiaji kutazamwa anapokitumia chombo, na msanifu kuibadili nia yake kufuatana na alichokiona. Mfano mwema wa namna hii ni M-Pesa. Majaribio yake yalipoanza nchini Kenya mwaka 2005, nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Watu waliojaribishwa wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na kuziweka ndani ya simu walipokuwa safarini. Huduma hiyo ilipofunguliwa kwa umma mwezi Machi 2007, msingi wake haukuwa mkopo tena bali kutuma fedha nyumbani. Namna ya tatu ni pale mtumiaji asipoitwa wala asipotazamwa, naye akalazimika kuukamilisha usanifu peke yake. Hii ndiyo namna iliyotukia Busia na Malaba.

3. Pengo baina ya Malango Mawili

Malaba ni lango la njia kuu itokayo Mombasa kwenda Kampala, na reli pia hupita hapo. Busia iko kusini yake, nayo hupokea barabara itokayo Kisumu. Mpaka unaopita hapo haukuchorwa kwa kufuata makazi ya watu. Wateso wako pande zote mbili, na Wasamia vilevile. Sokoni husikika Kiteso, Kikhayo, Kimarachi, Kisamia, Kijaluo na Kiganda, na Kiswahili hutumika kuwaunganisha wasemaji wa lugha hizo.

Serikali mbili zilipoweka vituo vyao vya uhamiaji na forodha, kila moja ilisanifu kituo chake kwa kufikiria gari. Abiria aliyeshuka kwenye gari upande mmoja alipaswa kupita lango la nchi ya kwanza, kisha avuke eneo la kati, kisha apite lango la nchi ya pili, ndipo apate gari jingine. Masimulizi yaliyozoeleka hutaja mwendo wa zaidi ya nusu maili. Kwa mwenye gari hilo si jambo kubwa. Kwa mama mwenye gunia la mahindi na mtoto mgongoni, nusu maili juani ni safari. Wasanifu wa vituo hivyo hawakumfikiria mtu huyo. Si kwamba walimchukia, bali hakuwamo katika mchoro wao.

Pengo hilo lilizibwa na vijana wenye baiskeli. Wachunguzi wa usafiri hukubaliana kwamba kazi hii ilianza katika eneo la mpaka huu miaka ya 1960, ikakua katika miaka ya 1970. Siasa na uchumi viliichochea. Utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, uliuharibu uchumi wa Uganda, na bidhaa za kila siku zikawa haba. Baridi kali ilipoharibu mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa siri kuja Kenya. Neno la Kiswahili magendo likawa ndilo jina la uchumi mzima wa Uganda wa wakati ule, hata wataalamu waliouchunguza wakaliandika hivyo hivyo katika lugha zao. Baiskeli ilifaa kwa biashara halali na isiyo halali pia, kwa kuwa ilipita barabarani, na ilipita vilevile katika vile vijia ambavyo watu wa mpakani huviita njia za panya.

Tuitazame baiskeli yenyewe. Ilikuwa ni ile baiskeli nyeusi, nzito, yenye fremu imara, iliyosanifiwa ng'ambo kwa ajili ya mtu mmoja. Nyuma ilikuwa na kitako cha vyuma cha kubebea mzigo mdogo. Waendeshaji na mafundi wa mpakani waliibadili. Juu ya vyuma vile waliweka mto ulioshindiliwa na kushonewa kitambaa au plastiki, ili binadamu aweze kukaa. Palipokuwa hapana pa kuwekea miguu, wengine wakaongeza vyuma vya kukanyagia pembeni mwa gurudumu la nyuma. Wengine wakaongeza kishikio chini ya tandiko la mwendeshaji, ili abiria asilazimike kumshika kiunoni mtu asiyemjua. Mabadiliko haya yakikusanywa pamoja yanaonyesha kwamba chombo kilibadilika jinsi yake. Kilichotoka kiwandani kilikuwa baiskeli ya mtu na mzigo wake. Kilichokuwa barabarani Busia kilikuwa gari la abiria.

Hapana budi tuulize ni nani hasa aliyekuwa mtumiaji katika habari hii. Mwendeshaji alikuwa mtumiaji, lakini abiria naye alikuwa mtumiaji, na mahitaji yao hayakuwa sawa. Mwendeshaji alitaka chombo chepesi kisichomchosha. Abiria alitaka mahali pa kukaa pasipomuumiza. Abiria wengi walikuwa wanawake waliovaa gauni au kitenge, nao walikaa upande upande. Kishikio, mto na mahali pa kuwekea miguu ni matokeo ya madai yao. Abiria hakushika nyundo, lakini alikuwa na uwezo wa kuiacha baiskeli moja na kupanda nyingine, na kwa uchaguzi huo alishiriki katika usanifu. Kila abiria aliyesita mbele ya kitako kigumu alikuwa akimpa fundi maoni yake bila kusema neno.

4. Jina la Chombo: boda boda

Chombo hicho kilihitaji jina, nalo halikutoka katika kamati yoyote. Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, waendeshaji waliwaita abiria kwa kutaja safari yenyewe, yaani kutoka mpaka mmoja hadi mpaka mwingine, na wito huo ukawa jina. Tulichunguze jina hili kwa vipimo vya kawaida vya taaluma yetu.

Kifonolojia, neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka limetoholewa kikamilifu. Sauti ya mwisho ya neno lile imekuwa irabu a, kama ilivyotokea katika poda, mita na kota. Limebaki neno la silabi mbili wazi, boda, ambalo msemaji yeyote wa lugha za mpakani aweza kulitamka bila taabu.

Kimofolojia, neno limerudufiwa. Urudufishaji ni njia ya asili katika Kiswahili na katika jamii yake ya lugha. Tunasema makundi makundi, mbili mbili, sehemu sehemu, na maana inayopatikana ni ya mgawanyo: kitu kimoja kikifuatwa na kingine cha namna ile ile. Katika boda boda, boda ya kwanza ni ya nchi moja na ya pili ni ya nchi nyingine, na safari nzima imo katika urudufishaji huo. Zaidi ya hayo, urudufishaji ndiyo desturi ya wito wa vyombo vya abiria, kwani wapiga debe hutaja mwisho wa safari mara mbili na zaidi. Tena lugha ilikwisha kuwa na jina la chombo kingine lenye umbo hilo hilo, yaani pikipiki. Hivyo neno lilikuwa geni kwa mzizi wake tu. Umbo lake lilikuwa la nyumbani.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini watu hawakusema mpaka mpaka, hali neno mpaka lipo na ni zuri. Yamkini sababu ni kwamba mpaka lina kazi nyingine katika sarufi. Mwendeshaji anayepaza sauti akisema mpaka, mpaka, hujibiwa kwa swali: mpaka wapi? Neno lenye maana mbili halifai kuwa wito. Waliolichagua boda hawakuwa wamesoma isimu, lakini waliepuka utata ambao kamati huenda isingeutambua, kwa kuwa kamati haiiti abiria.

Kisintaksia, neno limeonyesha wepesi wa ajabu. Husemwa boda boda imeharibika, na hapo ni chombo. Husemwa boda boda amekataa kupunguza nauli, na hapo ni mtu. Husikika pia mabodaboda wamegoma, na hapo ni kundi la watu wenye kazi moja. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenga maana, na neno lenyewe halibadiliki. Wataalamu wangelazimika kuunda maneno matatu. Watumiaji waliunda moja na kuiachia ngeli kazi iliyobaki.

Jambo la mwisho ni maisha ya neno baada ya kuondoka kwao. Vyombo vya injini vilipoanza kuchukua mahali pa baiskeli, jina halikubadilika. Nchini Kenya badiliko hilo lilikuwa kubwa baada ya kodi ya ongezeko la thamani kuondolewa kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo boda boda ni pikipiki ya abiria katika miji ambayo haina mpaka wowote karibu, tangu Kampala na Nairobi hadi Dar es Salaam na Mwanza. Mto wa kukalia abiria nao umesafiri, kwa sura ya tandiko refu, vyuma vya kinga vilivyochomelewa na mafundi, na mwavuli wa kuzuia jua na mvua. Chombo na neno vimefuata njia moja: vyote viwili vilikopwa, vikabadilishwa na wenye haja navyo, kisha vikaenea bila amri ya mtu.

5. Baiskeli ya Magurudumu Matatu

Mfano wa pili wa mpakani haujulikani sana, lakini una uzito zaidi kwa hoja yetu. Katika kitabu kilichotolewa mwaka 2007 kuhusu ulemavu, wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda walieleza habari za watu wenye ulemavu wa miguu waliofanya biashara Busia kwa kutumia baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Chombo hicho kilisanifiwa kama msaada. Nia yake ilikuwa kumwezesha mtu kutoka nyumbani na kufika aendako. Mikononi mwa watumiaji wa Busia kilikuwa chombo cha uchukuzi: kilibeba mizigo ya biashara kuvuka mpaka, na mwenye kukiendesha akawa mchukuzi anayelipwa, mara nyingi akiwa na msaidizi wa kusukuma kutoka nyuma.

Tofauti baina ya nia ya msanifu na tendo la mtumiaji ni kubwa hapa. Msanifu aliuliza: mtu huyu atatembeaje? Mtumiaji aliuliza: nitaishije? Aliyejibu swali la kwanza hakuwa amekosea, lakini alikuwa amejibu nusu ya haja. Kiti imara, fremu yenye kuhimili uzito mkubwa na nafasi ya mzigo ni mambo yasiyoonekana katika swali la kwanza, nayo ni ya lazima katika swali la pili.

Katika fani hii wapo waliochukua njia ya kumweka mtumiaji mbele tangu mwanzo. Mhandisi wa Marekani Ralf Hotchkiss, ambaye yeye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu, alianza kazi yake Nicaragua mwaka 1980 pamoja na watumiaji wa viti hivyo. Kutokana na kazi hiyo ulienea katika nchi nyingi mtindo wa karakana zinazotengeneza viti vya kuhimili njia mbovu, vinavyoweza kurekebishwa na fundi wa kawaida. Ujuzi wa mtumiaji ulihesabiwa kuwa sehemu ya uhandisi.

6. Mipaka ya Hoja

Si vema kuisifu namna ya tatu ya ushiriki kupita kiasi. Mtumiaji anapoachwa akamilishe usanifu peke yake, hulipa gharama ambayo msanifu alipaswa kuilipa. Baiskeli iliyosanifiwa kwa mtu mmoja ikibeba wawili, breki zake haziongezeki nguvu. Pikipiki iliyorefushwa tandiko hubeba watatu na wanne, na majeruhi wa ajali zake ni wengi katika hospitali za Kenya. Fundi wa mpakani aweza kushona mto, lakini hawezi kubadili nguvu ya breki iliyopangwa kiwandani. Kwa hiyo haifai kusema kwamba wananchi wana akili, basi waachwe. Watu wa Busia walionyesha akili nyingi kwa sababu waliachwa, na kuachwa huko hakukuwa jambo la kusifiwa.

Tena watumiaji si kitu kimoja. Waendeshaji wa boda boda karibu wote ni wanaume, ilhali miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka wanawake ni wengi. Anayekwenda Malaba kutafuta maoni ya watumiaji, akaishia kituoni pa waendeshaji kwa kuwa ndio walio wepesi kuzungumza, atarudi na nusu ya habari. Aliyekaa nyuma ya baiskeli hasikiki isipokuwa aulizwe.

Ndivyo ilivyo katika lugha pia. Neno lililoenea si lazima liwe bora kwa kila kazi. Boda boda linafaa sokoni, lakini sheria ya usafiri yahitaji kutenga chombo, mwendeshaji na mwenye mali, na hapo mtaalamu ana kazi yake. Mtaalamu haondolewi katika usanifu shirikishi. Huondolewa upweke wake tu.

7. Istilahi za Forodha: Jambo Lililo Mbele Yetu

Sasa turudi kwenye kazi yetu wenyewe. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1970, kazi kubwa ya istilahi imefanywa, na faida yake haiwezi kukanwa. Lakini kila mwalimu anajua pia hatima ya maneno yaliyokamilika mezani. Kwa mashine moja tumependekezewa ngamizi, tukapendekezewa tarakilishi, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Rununu linafundishwa katika shule za Kenya, lakini anayepoteza chombo hicho husema amepoteza simu. Tumezoea kueleza hali hii kwa kulaumu uvivu wa wasemaji. Makala haya yanapendekeza maelezo mengine: maneno hayo yalisanifiwa kama vile vituo vya mpakani, kwa mchoro ambao mtembea kwa miguu hakuwamo.

Kuhusu kompyuta madhara ni madogo, maana mtu hapotezi riziki kwa kulikataa neno tarakilishi. Mpakani madhara ni makubwa. Mkataba wa mwaka 1999 ulioanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini humo. Maana yake ni kwamba fomu, matangazo na kanuni za forodha zinahitaji Kiswahili kitakachosomwa Busia, na kazi ya kukiunda ni ya watu kama sisi.

Tuchukue mfano mmoja. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo midogo. Bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zilizozalishwa katika nchi wanachama na kutajwa katika orodha iliyokubaliwa, huweza kuvushwa bila ushuru wa forodha kwa kutumia cheti chepesi kinachopatikana mpakani. Cheti hicho huthibitisha bidhaa ilizalishwa nchi gani. Kwa Kiswahili hutajwa kuwa cheti cha asili ya bidhaa au cheti cha uasili wa bidhaa. Maneno haya yote mawili ni sahihi kisarufi. Lakini katika usemi wa kila siku, asili ya mtu ni ukoo wake, na dawa ya asili ni dawa ya miti shamba. Na mama aliyenunua trei za mayai katika soko la Busia upande wa Uganda akiulizwa asili ya mayai hayo, je, ataje soko alilonunulia, au nchi walikotagiwa? Sheria inataka jibu la pili. Neno halimwelekezi huko.

Asiyeelewa neno hilo hupatwa na moja ya mambo matatu: hulipa ushuru asiopaswa kulipa, humlipa mtu amjazie fomu, au huiacha barabara na kufuata njia ya panya, ambako hupoteza ulinzi wa sheria na hukutana na watu wabaya. Haki yake ipo kwenye karatasi, ila neno limesimama baina yake na haki hiyo.

Hatuwezi kuamua neno bora tukiwa ofisini. Tunaweza hata hivyo kupendekeza njia ya kulitafuta, kwa kuwaiga wapanga chapa wa Uswidi na maboksi yao. Kwanza, watunga istilahi waende sokoni na kituoni kusikiliza maneno yanayotumika sasa kwa ushuru, ukaguzi, wakala na cheti, ikiwa ni pamoja na yale yasiyopendeza masikioni mwa wasomi. Waende saa ambazo wafanyabiashara wana nafasi, si siku ya soko asubuhi, maana muda wa mchuuzi ni mtaji wake. Pili, waandae fomu ya majaribio, wampe mfanyabiashara aijaze kwa mzigo wake halisi, nao wakae kimya na kutazama anaposita. Pale anaposita ndipo neno linapohitaji kutengenezwa. Tatu, warudi baada ya miezi kadhaa waone maneno yapi yamekaa na yapi yameachwa, na wawe tayari kuyafuta yaliyoachwa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo yenye nafasi ya kuiongoza kazi ya namna hii kwa nchi zote wanachama. Idara za lugha za vyuo vikuu zina wanafunzi wa kuifanya.

Patakuwa na pingamizi kwamba njia hii ni ndefu na ya gharama. Ni kweli, lakini gharama ya kutofanya hivyo haitoweki, bali huhamia kwa mwenye mzigo kichwani.

8. Hitimisho

Mwezi Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha huduma kwa pamoja katika mpaka wa Busia, na Malaba nako utaratibu huo hutumika. Kwa utaratibu huo msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili humhudumia hapo. Kwa maneno mengine, lile pengo baina ya malango mawili ambalo vijana wa baiskeli walilitambua katika miaka ya 1960 liliingizwa katika mchoro rasmi baada ya zaidi ya nusu karne.

Tumeonyesha kwamba watumiaji hushiriki daima katika usanifu, wapende wasanifu wasipende. Kinachotofautiana ni wakati wao wa kushiriki na nani anayelipa gharama. Wakiitwa mapema, gharama hugawanywa. Wakiachwa, wao hulipa peke yao, na kazi yao ikifaulu wengine huichukua bila kuwataja. Neno boda boda limo leo katika vinywa vya mamilioni ya watu, na waliolitunga hawana majina katika kitabu chochote. Istilahi za forodha bado hazijakamilika, na wale watakaozitumia wanajulikana walipo. Kila siku wako kituoni Busia na Malaba, wakisubiri karatasi zao zigongwe mhuri.